Jaa si kaburi la taka

Msomaji mpenzi, hebu tuanze na swali jepesi. Takataka ulizotoa nyumbani kwako wiki hii zimekwenda wapi? Kama u mkazi wa Umoja, Kayole, Buruburu au Donholm, huenda ukajibu mara moja kwamba zimepelekwa jaani, Dandora. Nikikuuliza zikifika huko zinafanywa nini, huenda pia ukanijibu kama wanavyonijibu wengi: "Zinazikwa." Jibu lako la kwanza laweza kuwa sawa. La pili si sawa hata kidogo, na kosa hilo la neno moja linagusa mapafu ya watoto wetu, damu yao na mto wanaochezea.

Sikusudii kufundisha Kiswahili katika ukurasa wa afya. Lakini daktari akikosea jina la ugonjwa, hukosea na dawa. Vivyo hivyo, mji ukikosea jina la mahali pa kutupia taka, hukosea pia namna ya kupashughulikia.

Neno letu la asili ni jaa. Wengine, hasa ndugu zetu wa Tanzania, husema jalala, na siku hizi dampo, neno ambalo hata vijana wa Eastlands wanalo mdomoni. Zamani jaa lilikuwa pale nyuma ya nyumba au pembeni mwa kijiji, ambapo watu walimwaga majivu, maganda ya mihogo, vifuu vya nazi na mifupa ya samaki. Kuku walipekua, mvua ikanyesha, vitu vikaoza, na baada ya misimu michache palepale pakaota mboga ya maboga yenye majani mapana. Jaa la namna hiyo halikumwogofya mtu. Lilinuka kidogo, lakini kilichotupwa kilirudi kuwa udongo.

Sasa tazama tunachokiita jaa leo. Ndani yake mna betri, mikebe ya rangi, vifaa vya umeme vilivyoharibika, nepi, mabomba ya sindano, plastiki za kila aina, ngozi, nywele bandia na mafuta machafu ya magari. Neno limebaki lile lile, bali kitu chenyewe kimebadilika. Masikio yetu yanasikia jaa la nyanya, huku pua zetu zikivuta moshi wa kitu kingine kabisa.

Isitoshe, neno hilo moja limebebeshwa mizigo mitatu. Kwanza, tunaita jaa lile lundo lililoko kwenye kona ya mtaa, chini ya ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu "Usitupe Taka Hapa". Pili, tunaita jaa mlima ule wa Dandora. Tatu, maafisa wakizungumza Kiingereza hutumia neno lenye maana ya kujaza ardhi kwa taka, yaani kuzifukia kwa utaratibu maalumu, na sisi waandishi tukilitafsiri twaandika jaa vilevile. Lundo la kona, mlima ulio wazi na shimo la kufukia vinakuwa kitu kimoja katika akili ya msomaji. Hapo ndipo hatari inapojificha.

Basi kufukia taka ni kufanya nini hasa? Wale waliosoma shule za msingi miaka ya nyuma watakumbuka somo la shimo la taka. Tulifundishwa tuchimbe mbali na kisima, tutupe taka, kisha tufunike kwa udongo ili nzi na panya wasipate pa kuzaliana. Eneo la kisasa la kufukia taka limejengwa juu ya busara hiyo hiyo, ila kwa kiwango cha jiji zima. Chini hutandikwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, na juu yake karatasi nene ya plastiki, ili maji meusi yanayochuruzika kutoka kwa taka yasipenye hadi kwenye maji ya ardhini. Mabomba huyakusanya maji hayo yakasafishwe. Taka zinazoingia hupimwa uzito na kukaguliwa langoni, hushindiliwa kwa tingatinga, na kila jioni hufunikwa kwa tabaka la udongo lenye unene wa sentimita 15 hivi. Mabomba mengine hutoa gesi ya methani, ambayo isipotolewa huweza kuwaka au kulipuka. Kuna ua, na hakuna anayewasha moto.

Msomaji, pima sasa Dandora kwa kipimo hicho. Jaa hili lilianza kutumiwa katikati ya miaka ya 1970, kwenye machimbo ya zamani ya mawe. Baadhi ya watu walio karibu nalo hupaita Mukuru, neno la Kikuyu lenye maana ya bonde. Bonde hilo lilijaa zamani. Mwaka wa 2001 ilitangazwa kwamba pamejaa, lakini malori hayakukoma kumimina. Leo bonde limekuwa mlima. Hapana karatasi iliyotandikwa chini, hapana udongo unaomwagwa kila jioni, na moshi hufuka mchana na usiku. Pembeni yake unapita Mto Nairobi, ambao huungana na Athi na hatimaye kuingia baharini karibu na Malindi kwa jina la Sabaki. Wanaoishi kandokando ni watu wa Dandora yenyewe, Korogocho, Kariobangi, Baba Dogo na Lucky Summer, pamoja na shule na makanisa yao.

Je, mahali kama hapo pastahili kuitwa mahali pa kuzikia taka? Maiti asiyefukiwa hajazikwa, hata kama amefikishwa makaburini.

Gharama ya kutozika inajulikana. Mwaka wa 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira, UNEP, ambalo makao yake makuu yako hapa hapa Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Njoroge Kimani. Watoto na vijana 328 wanaoishi na kusoma karibu na jaa walipimwa. Nusu yao walikutwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha mikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, ambacho wakati huo ndicho kilichohesabiwa kuwa mpaka wa hatari. Udongo wa karibu na jaa nao ulikuwa na risasi nyingi kupita kiasi. Wengi wa watoto hao pia walikuwa na maradhi ya njia ya pumzi.

Yafaa ujue kwamba tangu wakati huo sayansi imezidi kuwa kali. Shirika la Afya Duniani sasa linasema hapana kiwango chochote cha risasi katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Risasi haimwangushi mtoto siku moja kama kipindupindu. Humpunguzia damu, humharibia ubongo unaokua, humfanya awe mzito wa kujifunza na mwepesi wa hasira. Mwalimu atamwita mtundu, mzazi atamwita mvivu, kumbe mtoto amekula sumu kutoka kwa vumbi la kiwanja anachochezea. Madhara hayo aghalabu hayaponi.

Moshi nao una balaa lake. Plastiki zikiungua katika moto mdogo usio na hewa ya kutosha hutoa kemikali ziitwazo dayoksini, ambazo huhusishwa na saratani na hukaa mwilini miaka mingi. Chembe ndogo za masizi huingia hadi ndani ya mapafu, zikachochea pumu, kikohozi kisichokwisha na nimonia kwa watoto wachanga. Upepo haujui mpaka wa mtaa. Anayekaa Komarock akifunga dirisha jioni kwa sababu ya harufu, anafunga dirisha dhidi ya mlima huo huo.

Na usidhani msiba huu ni wa Nairobi peke yake. Huko Kampala, eneo la Kiteezi lilifunguliwa mwaka wa 1996 likiwa limekusudiwa kuwa mahali pa kufukia taka kwa utaratibu wa kisasa. Miaka ikapita, taka zikazidi uwezo wake, lundo likapanda juu ya lundo. Tarehe 10 Agosti 2024, baada ya mvua kubwa, mlima huo uliporomoka ukafunika nyumba za watu, na zaidi ya watu 30 wakafa. Kabla ya hapo, tarehe 11 Machi 2017, jaa la Koshe huko Addis Ababa liliporomoka likaua zaidi ya watu 100. Kiteezi latufunza jambo zito: jina zuri halilindi mtu. Mahali palipojengwa kama eneo la kufukia, pasipotunzwa kila siku, hugeuka jaa, hata kama kibao cha langoni hakijabadilishwa.

Hata wale waliotangulia katika kazi hii walifunzwa na makosa. Mji wa Fresno, jimbo la California nchini Marekani, ulianza mwaka wa 1937 kuchimba mitaro, kushindilia taka na kuzifunika kwa udongo kila siku. Ndio waliowapa Wamarekani mfano wa kisasa wa kufukia. Lakini chini hawakutandika chochote. Miongo kadhaa baadaye ilionekana kwamba gesi ilikuwa ikivuja na maji ya ardhini yamechafuka, na serikali yao ikalazimika kulisafisha eneo hilo kwa gharama kubwa. Kwa hiyo tunapodai taka zifukiwe, tusidai tu tabaka la udongo juu ili harufu ipungue. Huko kungekuwa kufunika kombe mwanaharamu apite.

Sasa nikuonyeshe jinsi neno lisilo wazi linavyotuponza pande zote mbili. Upande wa kwanza, afisa akisema Nairobi ina mahali pa kufukia taka, mwananchi hupumua akidhani hatari imezikwa. Mama wa Kariobangi humruhusu mtoto aokote chupa kule, kwa kuwa ni jaani tu, mahali pa uchafu wa kawaida. Upande wa pili, serikali ikisema itajenga mahali papya pa kufukia, wananchi husikia neno jaa, wakakumbuka Dandora, wakapinga kwa nguvu zao zote. Nani awalaumu? Hawajawahi kuona jingine.

Kumbuka habari ya Ruai. Mwishoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Japani, kupitia shirika lao la JICA, walipendekeza taka zihamishiwe Ruai. Wakuu wa viwanja vya ndege walikataa, wakisema taka zingevuta ndege wa angani, nao wangehatarisha ndege za abiria zinazotua Jomo Kenyatta. Hofu hiyo ilikuwa na msingi. Lakini msomaji, ndege hufuata chakula kilichoachwa wazi. Ilifaa tujadiliane kwa makini kuhusu umbali, kufunika na kushindilia. Badala yake mjadala wetu mwingi ulikuwa juu ya neno moja, jaa, na nani atakubali kulipokea. Mwisho wake Dandora ikabaki na mzigo, kwa sababu wakazi wake hawakuwa na mwenye nguvu wa kuwasemea.

Najua wapo watakaosema, "Ndugu mwandishi, maneno hayazoi taka." Ni kweli, hayazoi. Lakini mkataba huandikwa kwa maneno, na sheria vilevile. Zabuni ikisema jaa, mkandarasi ataleta tingatinga moja na kusukuma lundo. Zabuni ikisema eneo la kufukia taka, likaelezwa tandiko lake, mabomba yake na udongo wake wa kila siku, mkandarasi atakuwa na la kujibu asipotimiza.

Wapo pia watakaouliza habari za maelfu ya watu wanaookota vyuma, plastiki na karatasi pale mlimani ili wapate unga wa jioni. Swali lao ni la haki. Wahenga walisema mtupa jongoo hutupa na mti wake, lakini hapa tukiwatupa waokotaji pamoja na jaa tutakuwa tumewatupa watu wanaolifanyia jiji kazi kubwa bila mshahara wala glavu. Kufukia vizuri hakuwaondolei riziki, mradi wapewe nafasi mapema. Taka zikitenganishwa nyumbani, wao wanaweza kuzichambua mezani, chini ya paa, na si motoni. Zaidi ya nusu ya taka za Nairobi ni mabaki ya vyakula na vitu vingine vinavyooza. Hizo zikigeuzwa mbolea, na plastiki na vyuma vikiuzwa, kitakachobaki cha kufukiwa ni kidogo.

Sheria tayari iko upande wetu. Kifungu cha 42 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Mwezi wa Julai 2021 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru jaa la Dandora liondolewe, ikatoa muda wa miezi sita. Miezi sita ikapita, na mlima ukabaki. Mwaka wa 2022 ikapitishwa sheria ya usimamizi endelevu wa taka, inayozitaka kaunti ziwe na vituo vya kuchambua taka, na wananchi watenganishe zinazooza na zisizooza. Tulipiga marufuku mifuko ya plastiki mwezi wa Agosti 2017, na wengi walidhani haiwezekani. Iliwezekana.

Basi nakuomba, msomaji, ukihudhuria baraza la chifu au mkutano wa diwani, na mtu akasimama kuahidi jaa jipya au kulisifu la zamani, umuulize maswali manne tu. Chini kumetandikwa nini? Maji yanayochuruzika yanakwenda wapi? Jioni taka zinafunikwa kwa nini? Na nani anahakikisha hapawashwi moto? Akikosa jibu la hata moja, mjulishe kwa adabu kwamba anachokizungumzia ni lundo lililo wazi, na alitaje kwa jina hilo.

Wakati tunangojea wakubwa, yapo ambayo wewe mwenyewe waweza kuyafanya leo. Weka ndoo mbili nyumbani, moja ya maganda na mabaki ya chakula, nyingine ya vitu vikavu. Usichome plastiki uani wala kuwashia jiko kwa karatasi za nailoni. Sindano uziweke katika chupa ngumu yenye kifuniko, kisha uzirudishe zahanati au hospitali. Betri usimpe mtoto achezee. Kama unaishi karibu na jaa, futa vumbi kwa kitambaa chenye maji badala ya kufagia vikavu, waoshe watoto mikono kabla ya kula, na wavue viatu mlangoni. Epuka sukuma wiki iliyolimwa kandokando ya mto chini ya jaa, kwa kuwa kuosha majani hakuondoi madini yaliyoingia ndani yake. Mlishe mtoto vyakula vyenye madini ya chuma na kalsiamu, kama vile maharagwe, ndengu, omena na maziwa, kwani mwili ulioshiba madini hayo hunyonya risasi kidogo. Na ukiona mtoto hakui vizuri, anaumwa tumbo mara kwa mara, amepungukiwa damu au anasahau upesi, mweleze daktari mahali mnapoishi na uulize kama inafaa apimwe risasi. Daktari asiyeambiwa unaishi wapi hatalifikiria hilo.

Mwisho, turudi kwenye neno letu. Sina ugomvi na jaa. Ni neno zuri la kale, na lundo la Dandora ni jaa kweli kweli. Ugomvi wangu ni kulivisha jaa sanda na kusema limezikwa. Lililo wazi tuliite jaa, bila haya, ili aibu yake ionekane. Lile tunalolidai, lenye tandiko chini, mabomba kati na udongo juu, tuliite eneo la kufukia taka, na tusikubali mtu alipe jina hilo kabla hajaonyesha udongo.

Siku lori litakapomwaga mzigo wake asubuhi, na jioni mtoto wa Korogocho atazame ng'ambo ya mto asione moshi wala lundo bali ardhi iliyosawazishwa, siku hiyo nikikuuliza taka zako zinafanywa nini, utanijibu tena, "Zinazikwa." Nami sitakusahihisha.